Safari Yenye Tarehe ya Kurudi

Leo ni zamu yangu. Tulikubaliana kila mtu aandike jambo la kwake mwenyewe, basi mimi naandika juu ya safari ambayo bado hatujaenda. Tunaenda Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu wa Januari. Nimeona niandike sasa, kabla ya kuondoka, kwa sababu ile kazi ya kupanga imenifundisha kitu ambacho sikukitegemea.

Ilianza mwezi wa sita mwaka jana. Binamu yangu alinitumia video kutoka Marekani. Huyu tulikuwa naye Lasu, tukawa naye Kuluba, halafu familia yao ikapata makazi mapya huko. Kwenye video anafungua mlango wa gari refu jeupe, anaingia, na ndani kuna kitanda, jiko la gesi, friji, sinki ya kuoshea vyombo, hata choo kidogo chenye mlango. Nikamwandikia, "Kaka, hii ni nyumba au ni gari?" Akajibu kwa sauti, anacheka, "Ni vyote viwili. Huku wanaita RV. Tumekodi wiki moja, tunaenda kuona parke."

Parke yenyewe ni Yellowstone, hifadhi ya taifa ya kwanza ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1872. Nikamwuliza maswali mengi na yeye anapenda kueleza. Akasema lile gari lina tangi la maji safi na tangi la maji machafu, na lile la machafu lazima ulimwage mahali maalumu, huwezi kumwaga tu njiani. Akasema lazima ujue urefu wa gari lako kwenda juu, kwa sababu ukipita chini ya daraja fupi paa linabaki pale. Akasema huko Yellowstone kuna sehemu moja ya kulala inaitwa Fishing Bridge ambapo mahema hayaruhusiwi kabisa, magari yenye kuta ngumu tu, kwa sababu ya dubu.

Mama alikuwa ananisikilizia ile sauti jikoni. Akauliza, "Dubu ni nini?" Nikamwonyesha picha. Akasema, "Sasa kama mnyama wa namna hii anakuja usiku, wao wanakwenda pale kutafuta nini?"

Tulicheka. Lakini kilichonishika si dubu. Binamu yangu alisema nafasi ya kuegesha gari usiku waliishika mwezi wa Desemba. Miezi sita kabla! Desemba alikuwa anajua kwamba usiku fulani wa mwezi wa sita atalala mahali fulani, namba fulani, pamoja na mke wake na watoto wake. Nikakaa na ile habari siku nzima. Mimi katika maisha yangu yote sijawahi kujua miezi sita mbele nitalala wapi.

Wale wanaonifahamu wanajua, lakini kwa wageni niseme kidogo. Mimi nilizaliwa Congo, upande wa Faradje, mkoa wa Haut-Uele. Nilikuwa na miaka mitano tulipokimbia. Tulikwenda Lasu, karibu na Yei, Sudan Kusini, kwenye kambi ya wakimbizi wa Congo. Tukakaa huko mpaka vita ya mwaka 2016 ikatufikia na Yei, ndipo tukakimbia tena na kuvuka kuingia Uganda. Tukapokelewa Kuluba, hapa Koboko. Nilikuwa na miaka kumi na tatu. Leo najitolea hapo hapo Kuluba kama mkalimani, kwa sababu nimeokota lugha njiani: Kilogo cha nyumbani, Kilingala, Kiarabu cha Juba, Kikakwa kidogo, na hiki Kiswahili ambacho kwenye kikundi chetu ndiyo lugha ya katikati.

Mtu akifika Kuluba anaandikishwa, anapimwa afya, anapewa chakula cha moto, halafu anasubiri gari la kumpeleka kwenye makazi. Sisi tuliondoka kwenye lori. Mama alikaa juu ya godoro, sufuria zilikuwa zimefungwa kwenye kitenge, jeriken mbili za maji ziko miguuni mwetu, na kuku mmoja wa jirani amefungwa miguu. Mtoto wa mtu akajisaidia kwenye beseni. Nilipoangalia ile video ya binamu yangu nilimwambia, "Kaka, na sisi tulikuwa na gari la namna hiyo. Letu halikuwa na paa tu." Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Kweli. Na lile tangi la maji machafu lilikuwa beseni."

Kwenye mkutano wa kikundi nikaonyesha ile video. Ilikuwa mzaha. Lakini dada mmoja, yule anayesoma chuo cha ualimu, akauliza, "Kwani sisi hatuwezi? Hakuna parke karibu?" Tukatazamana. Parke iko. Murchison Falls iko pale pale ukivuka Pakwach. Hiyo ndiyo hifadhi kubwa kuliko zote za Uganda, zaidi ya kilomita za mraba 3,800, na Nile inapita katikati yake. Mahali fulani mto wote ule unabanwa kwenye mwanya wa miamba wenye upana wa mita kama saba hivi, halafu unaanguka zaidi ya mita arobaini. Watu wanatoka Ulaya kuja kuuona. Sisi tuko hapa karibu miaka tisa na hakuna hata mmoja wetu aliyefika.

Basi tukaanza kupanga.

Njia ni rahisi kuieleza. Unatoka Kuluba mpaka Koboko mjini, unashuka Arua, unapita Nebbi, unafika Pakwach, unavuka daraja la Nile, na geti la Tangi liko mbele kidogo tu. Ni lami. Kutoka Koboko mpaka Pakwach ni kati ya kilomita 180 na 190. Gari la kulala kama la Marekani hatuna, lakini teksi ya watu kumi na nne tunaweza kukodi, tukaweka juu mikeka, sigiri na gunia la makaa, na ndani posho, maharagwe, mukene na jeriken za maji. Tutalala Pakwach, wasichana ndani ya gari na wavulana kwenye mikeka katika uwanja wa kanisa lililotukubalia. Asubuhi na mapema tunaingia parke, kwa sababu usiku magari hayaruhusiwi kuzungukazunguka mle.

Lakini kila kitu kilichoonekana rahisi kilikuwa na mlango nyuma yake, na nyuma ya mlango kuna mlango mwingine.

Mlango wa kwanza ni pesa. Tulijaribu njia tuliyoizoea: tukaandika mradi. Tukaupeleka kwa shirika moja. Afisa aliyetupokea ni mtu mzuri, na ninasema hivi bila kejeli. Alisoma, akauliza, "Shabaha ya shughuli hii ni nini?" Tukamwambia, kwenda kuona wanyama. Akasema, "Hapana, shabaha. Jamii itapata nini?" Halafu akatushauri tuandike kwamba ni mafunzo ya uhifadhi wa mazingira na kuzuia migogoro, kwa sababu wafadhili wanapenda hayo.

Tulirudi tukaandika hivyo. Kurasa nne. Nilipoisoma kwa sauti mbele ya kikundi, mwenyekiti wetu akasema, "Sasa hii si safari yetu tena. Hii ni semina yenye twiga." Tukaiacha. Hatukuwa na hasira. Kila mtu ana fomu yake ya kujaza na yeye afisa ana yake. Lakini tuliona kuna kitu kimoja katika maisha yetu ambacho hatutaki kukiandikia shabaha.

Tukaamua kuchanga. Tulikuwa kumi na wanne, kila mtu shilingi 5,000 kwa wiki. Wavulana walifyatua matofali, wasichana wawili waliuza nyanya Koboko mjini, mimi nilitoa kwenye ile posho ndogo ya ukalimani. Wiki ya saba mmoja wetu akasimama. Ni dada ambaye mgao wa chakula wa familia yake ulikuwa umekatwa. Akasema, "Watu hawana chakula, nyie mnachanga kwenda kuangalia twiga. Mimi naona aibu." Hakuna aliyemjibu haraka. Mtu mmoja akasema kwamba hata tukila hizo pesa zitaisha kwa wiki mbili na njaa itabaki. Mwingine akasema binadamu si tumbo tu. Lakini yule dada hakuwa amekosea na sisi tulijua. Tulimrudishia pesa zake zote siku ile ile, na bado anakuja kwenye mikutano. Wakati mwingine nikihesabu fedha namkumbuka yeye. Siwezi kuwaambia kwamba nina jibu.

Tulibaki kumi na watatu. Wiki kumi na nane, shilingi 1,170,000. Katika maisha yangu sijawahi kuona pesa nyingi hivyo ambazo hazikutoka kwa mtu wa kutusaidia.

Mlango wa pili ni gari. Tulimpata dereva mmoja wa Koboko, mzee wa makamo, Mkakwa. Alitaka laki nne kwa siku mbili, mafuta juu yetu. Tukamwita mzee, tukambembeleza. Akauliza, "Nyie watoto mnatoka wapi?" Nikasema Congo, na wengine Sudan Kusini. Akauliza Congo sehemu gani. Nilipotaja Faradje akaweka kikombe chake cha chai chini.

Kumbe mwenzetu alizaliwa Congo. Wakati ule bado inaitwa Zaire. Amin alipoangushwa mwaka 1979, watu wengi wa West Nile waliogopa kisasi, wakakimbilia Zaire na Sudan, na wazazi wake wakawa miongoni mwao. Alikulia kwetu akila sombe la bibi mmoja ambaye hakuwa ndugu yake. Walirudi yeye akiwa mtoto wa kusoma. Akasema, "Nyumba yetu tuliikuta majani, lakini tuliikuta." Akapunguza mpaka laki tatu na nusu. Halafu akaongeza jambo ambalo sikulitegemea: kwamba hata tembo wa Murchison waliuawa sana katika ile miaka ya fujo, wakabaki wachache, na leo unawaona mpaka pembeni mwa barabara ya Pakwach. "Na wao wamerudi," akasema.

Mlango wa tatu ni geti. Hapa wenzangu wakimbizi nawaomba msome vizuri, kwa sababu na nyie mtakutana nalo. Kwenye hifadhi za Uganda bei si moja. Raia wa Afrika Mashariki analipa kwa shilingi, bei ya chini. Mgeni wa kutoka mbali anaandikiwa bei ya dola, na ile kwetu haiwezekani hata kwa ndoto. Sasa sisi ni nani? Sudan Kusini iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016. Congo ikaingia mwaka 2022. Kwa hiyo kwenye karatasi sisi wote kumi na watatu ni watu wa Afrika Mashariki. Lakini uraia unaonyeshwa kwa kitambulisho cha nchi yako au pasipoti, na mkimbizi ni mtu ambaye nchi yake ndiyo iliyomshinda. Tunachokuwa nacho ni kadi ya mkimbizi, iliyotolewa na Uganda.

Tulizungumza jambo hili jioni nzima. Kijana mmoja wa Yei akasema, "Yaani nikifika getini natakiwa kuthibitisha kwamba mimi ni wa nchi ile ile niliyoikimbia." Mwingine akasema, "Na ukithibitisha unapata punguzo." Tulicheka mpaka machozi, lakini baada ya kicheko kila mtu alikuwa kimya.

Tulichofanya ni hiki: tuliandika barua mapema, tukaambatanisha nakala za kadi zetu zote, tukaeleza sisi ni nani na tunakuja siku gani. Jibu lilikuwa fupi, kwamba tuje na kadi za asili. Bei halikutaja. Kwa hiyo tuna mpango wa pili. Wakikubali, tunaingia. Wakikataa, tunabaki kwenye barabara kuu inayotoka Pakwach kwenda Karuma, ambayo inapita kandokando ya hifadhi, na pale nyani ni lazima uwaone, na ukiwa na bahati tembo pia, bila kulipa kitu. Tunapika posho yetu na tunarudi. Nawashauri kila mpango wenu uwe na mpango wa pili wa namna hiyo, ambao mtu hawezi kuufunga.

Mlango wa nne ni tarehe. Wanaojua wanasema wakati mzuri wa kuona wanyama Murchison ni kiangazi, kuanzia Desemba mpaka Februari, kwa sababu majani yanakuwa mafupi na wanyama wanasogea kwenye maji. Kwa hiyo kikundi kikataka twende wiki ya Noeli, shule zimefungwa. Mimi nikasema hapana. Wakaniuliza kwa nini. Nikasema ni kwa ajili ya Mama.

Hapo ndipo nafika kwenye mlango wa mwisho, na ndiyo sababu ya kuandika haya yote.

Nilipomwambia Mama mara ya kwanza kwamba tunapanga kwenda parke, alikuwa anakula. Akasimama, akaacha sahani, akatoka nje. Kwa siku mbili alinisemesha mambo ya lazima tu. Mimi nilifikiri ni pesa. Sikuwa nimefikiri lile neno lenyewe lina maana gani kwake.

Kwetu Faradje, parke ni Garamba. Ipo pale pale. Ilianzishwa mwaka 1938, enzi za Wabelgiji, na mwaka 1980 UNESCO ikaiweka kwenye urithi wa dunia. Vifaru weupe wa kaskazini wa mwisho kabisa waliobaki porini duniani walikuwa pale. Lakini Mama haikumbuki parke kwa sababu ya vifaru. Waasi wa LRA, wa Joseph Kony, walijificha mle ndani. Desemba 2008 majeshi ya Uganda, Congo na Sudan Kusini yakawashambulia katika ule msitu, na wao wakatawanyika wakashuka kwa watu wasio na silaha. Siku ya Noeli 2008 wakaingia Faradje. Siku chache baadaye, tarehe 2 Januari 2009, wakavamia hata makao makuu ya parke pale Nagero. Sitaandika walichofanya. Wengi wenu mnajua na wengine mna yenu.

Kwa hiyo kwa Mama, parke ni kule walikotoka. Na mimi mtoto wake nimekuja kumwambia kwamba nimechanga pesa kwa hiari yangu, wiki kumi na nane, ili niende kuingia porini, tena wiki ya Noeli.

Nilitaka kuacha. Nilimwambia mwenyekiti aandike jina la mtu mwingine. Akaniambia nisubiri kwanza, nisimwachie Mama ule uamuzi bila kuzungumza naye. Nikasubiri. Sikujua nimwambie nini. Siku moja nilimwonyesha habari niliyoisoma kwenye simu, kwamba mwaka 2023 vifaru weupe kumi na sita waliletwa Garamba kutoka Afrika Kusini. Si wale wale wa zamani, ni ndugu zao wa kusini, lakini ni vifaru. Nikamwambia kwa utani, "Mama, kifaru amefika nyumbani kabla yetu."

Hakucheka. Alikuwa anachambua maharagwe. Baadaye, bila kuniangalia, akaanza kusema juu ya tembo. Nilikuwa sijawahi kusikia hii habari hata siku moja. Akasema baba yake alimsimulia kwamba pale Gangala-na-Bodio, ukingoni mwa parke, Wabelgiji walikuwa na kituo cha kufuga tembo. Tembo wa porini kabisa, wanafundishwa kulima na kuvuta mikokoteni, na watu wetu ndio waliowapanda na kuwaongoza. Babu yangu akiwa kijana alikwenda huko kwa miguu na rafiki zake wawili, bila kazi yoyote, kwenda kutazama tu. Akakaa huko siku nne. Aliporudi baba yake alimchapa.

Nikamwuliza, "Kwa hiyo Babu alikwenda parke kutembea?"

Mama akasema, "Babu yako alikuwa mjinga kama wewe."

Lakini alisema hivyo kwa sauti nyingine. Na mimi nikawaza: yaani kabla ya ile Noeli, parke ilikuwa mahali ambapo kijana anaweza kwenda kutazama tembo akarudi nyumbani kuchapwa. Ile nayo ni habari yetu. Tumeibeba ile ya 2008 kila mahali, Lasu, Kuluba, mpaka hapa, kwa sababu ni nzito. Hii ya tembo ilikuwa nyepesi tukaiacha njiani.

Tukahamisha tarehe. Kikundi hakikunung'unika, kwa sababu nilipoeleza, wengine wanne wakasema na wao nyumbani kwao Desemba ni hivyo hivyo. Tukachagua Januari mwishoni. Majani bado yatakuwa mafupi.

Sasa naja kwenye ile karatasi. Mkimbizi anayeishi kwenye makazi akitaka kutoka kwenda mbali, anachukua barua ya ruhusa. Mwenyekiti wetu alikwenda ofisini na orodha ya majina yetu, mimi nikaandamana naye. Tulipewa karatasi ya kujaza. Jina. Namba ya kadi. Unakokwenda. Sababu ya safari. Pale kwenye sababu mwenyekiti aliniangalia, halafu akaandika, "Matembezi." Aliyekuwa mezani akasoma, akainua macho, akatabasamu, akagonga muhuri. Hatukuhitaji shabaha nyingine.

Lakini kabla ya muhuri kulikuwa na mstari wa mwisho: tarehe ya kurudi. Mwenyekiti akaandika ile Jumapili, haraka tu, kama kitu cha kawaida. Mimi nikabaki naangalia ule mstari.

Nimehesabu. Faradje kwenda Lasu, hakuna aliyeuliza tutarudi lini. Lasu kuja Kuluba, hakuna. Kuluba kwenda kwenye makazi, hakuna. Kila siku ya kazi nakalimani maneno ya watu waliofika jana usiku, na maswali yao ni mawili: "Tunapelekwa wapi?" na "Lini?" Swali la kurudi silisikii, na akitokea mtu wa kuliuliza, mimi sina neno la kumpa. Watu wanasema sisi wakimbizi tumesafiri sana. Si kweli. Tumehama sana. Safari kwa watu wengine ina kwenda na kurudi, ndiyo maana wanaweza kuifurahia. Yule binamu yangu pale Yellowstone halindwi na zile kuta ngumu peke yake. Anajua Jumatatu anarudisha gari la watu na analala kitandani kwake.

Kwa hiyo ninyi wafanyakazi mnaotusoma, tukiwaletea siku nyingine ombi la namna hii, msitafute sana shabaha. Angalieni ule mstari wa mwisho. Kijana ambaye ameandika tarehe ya kurudi kwa mkono wake, na akarudi kweli siku ile, amejifunza kitu ambacho sijui semina gani ingemfundisha. Na ninyi wenzangu, anzeni na karibu. Si lazima Murchison. Hata Arua kwenda na kurudi, kwa pesa yenu, bila mtu kuwapeleka. Panga, chelewa, badilisha, lakini ule mstari ujaze.

Juzi nilimpa Mama nakala ya ile barua aiweke. Alitaka nimsomee yote. Nikasoma majina, njia, mpaka mwisho. Akasema, "Soma tena hapo." Nikasoma tena tarehe. Akauliza, "Saa ngapi?" Nikasema kutoka Pakwach ni masaa kadhaa, tukiondoka saa sita mchana tutafika kabla ya giza kuwa zito.

Akaikunja akaiweka kwenye lile kopo ambamo anahifadhi kadi zetu zote. Halafu akasema, "Jumapili nitapika sombe. Ikipoa, shauri yako."